Lita za Ijumaa

Pampu ilikata yenyewe, Sidonia akatazama namba, na roho ikamuuma. Gari lilikuwa limekunywa mafuta mengi kuliko Ijumaa iliyopita, na Ijumaa iliyopita lilikuwa limekunywa mengi kuliko ile ya kabla yake.

"Limejaa?" Stanley aliuliza akiwa kwenye usukani.

"Limejaa, Baba Ruthu." Alikifunga kifuniko cha tenki kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. "Leo lilikuwa na kiu."

"Singida ni mbali."

"Singida haijahama."

Mumewe akacheka kidogo, akaliondoa gari kulirudisha nyumbani kwa bosi. Hakuuliza maana ya maneno yale. Mtu asiye na hatia angeuliza, Sidonia alijiambia, akarudisha mkono wa pampu mahali pake.

Gari lenyewe halikuwa la watu wa aina yao. Lilikuwa gari la mbio, la bluu, lenye turbo na bomba la moshi nene kama mchi, mali ya Bwana Edward mwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Kila Ijumaa alfajiri Stanley alimpeleka bosi huyo Singida kwa mama yake mzazi, kisha mchana, bosi akishamruhusu, akarudi Dodoma peke yake. Jumatatu bosi alirudi na gari la mdogo wake. Jioni, kabla ya kwenda kulilaza, Stanley alipitia kituo cha mafuta alichofanyia kazi mkewe, pale barabara ya Singida inapoingia mjini, akajaza tenki. Zamani Sidonia aliipenda saa hiyo. Wenzake walimtania kwamba mumewe anakuja na farasi, naye alijifanya kukasirika huku akitafuta kitambaa safi zaidi cha kufutia vioo.

Siku hizi aliiogopa. Miaka ya kushika pampu ilikuwa imemfundisha kwamba lita ni njia. Anayetoka Bahi ana kiu ndogo, anayetoka Manyoni ana kiu kubwa, na anayetoka Singida ana kiu unayoweza kuitaja kabla hajafungua tenki. Lita zikizidi, njia imezidi. Na njia iliyozidi ya Stanley, Sidonia aliijua hadi jina: iliitwa Anitha.

Anitha aliuza asali Manyoni, kando ya barabara. Stanley mwenyewe ndiye aliyemtaja, tena kwa kumsifu, kwamba ni dada mcheshi na hachanganyi asali na sukari. Kila Ijumaa alileta chupa moja, na Ruthu, binti yao, akailamba mpaka shuleni. Kisha asali ikakoma. Hakuna chupa, hakuna habari ya Manyoni, na Ijumaa hizo hizo ndizo lita zilipoanza kupanda. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanamume akiacha kumtaja mwanamke aliyekuwa akimtaja kila wiki, hajamsahau huyo, amemficha.

Wivu ulimla Sidonia hata akiwa kazini. Alimwonea wivu mwanamke ambaye hajawahi kumwona, akampa umbo, akampa sauti, akampa hata kanga. Usiku mmoja, asali ikiwa bado inaletwa na sifa za Anitha zimemchosha, ili naye amchome mumewe kidogo, alikuwa amemsimulia habari za mteja wa gari jeupe anayemwita "mke wangu" kila anapokuja kujaza. Stanley alikuwa anakula. Alisema, "Ahaa," akaendelea kuvunja ugali. Hata wivu hana, Sidonia aliwaza. Moyo wake uko Manyoni.

Ijumaa iliyofuata alikuja na akili mpya. Gari lilipopita kituoni alfajiri kujazwa upepo, alikuwa ameikariri namba ya kilomita kwenye dashibodi, na jioni, akijifanya anafuta kioo cha upande wa dereva, aliisoma tena. Ilikuwa safari ya kwenda Singida na kurudi, wala si zaidi. Hapakuwa na kona ya kuingia popote. Lakini pampu ilipokata, lita zilikuwa nyingi vilevile.

Kesho yake lori la Mbwana liliingia upande wa dizeli. Mbwana alikuwa akibeba vitunguu kutoka Singida na aliijua barabara ile kuliko ua wa nyumba yake. Sidonia alimuuliza kwa kuzungukazunguka: je, gari linaweza kunywa zaidi kwa njia ile ile?

"Shemeji, ni lile la bluu?" Mbwana aliegemea tairi. "Gari la turbo halili kilomita, linakula mwendo. Ukikaa nalo tisini, linakunywa kistaarabu kuliko hata hivi vigari vidogo. Ukilipeleka mia na arobaini, unapigana na upepo, na upepo hauchoki. Mafuta yote yanaishia huko."

"Na Stanley anakimbia?"

"Bosi akiwamo, anakwenda kama anabeba mayai. Akirudi peke yake, sisi tunamwashia taa za kumwambia tochi za trafiki ziko wapi, maana tunamwonea huruma. Juzijuzi alinipita Kintinku, nikasikia mlio tu." Akamtazama. "Nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hakuna," alisema Sidonia.

Jibu la Mbwana lingemtuliza mwanamke mwingine. Yeye lilimkosesha usingizi. Kama Stanley alikimbia hivyo, mbona hakuwahi? Jua lilikuwa lilelile anapoingia kituoni, asali iwepo isiwepo. Ndipo akakumbuka vitu viwili ambavyo mikono yake ilikuwa imevijua kabla ya kichwa. Wadudu kwenye kioo cha mbele siku hizi walikuwa wengi, na walikuwa wamekauka, mpaka awasugue kwa kucha. Na boneti alipoigusa ilikuwa vuguvugu, si moto kama ya gari lililotoka safarini sasa hivi.

Basi gari lilikuwa limesimama mahali. Si Manyoni; hapa hapa mjini. Stanley alikuwa anakimbia na upepo ili aibe saa nzima na ushee, akaitumie Dodoma kwa mtu, kisha aje kwa mkewe amwambie Singida ni mbali. Huenda Anitha alikuwa amepangishiwa chumba. Sidonia alilia chooni nyumbani kwao, Makole, akafungua bomba ili Ruthu asisikie. Alipotoka, alitia vitenge vyake na sare za mtoto kwenye begi, akalisukuma chini ya kitanda. Akimwona na mwanamke huyo, Jumapili wao wawili wangepanda basi la Kondoa, kwa dada yake Josephine, na Stanley angebaki na farasi wake.

Ijumaa ikafika. Mchana ulipoanza kulegea, Sidonia alimwomba Emiliana, mwenzake wa zamu, amshikie pampu.

"Unaumwa?" Emiliana aliuliza.

"Naumwa. Nitapona leo au sitapona."

Alijifunga kanga juu ya sare, akavuka barabara hadi kwenye banda la chai lililoelekeana na kituo. Hapo gari lolote linaloingia kutoka Singida lilionekana. Angeliona la bluu, angepanda bodaboda, angelifuata mpaka mlangoni kwa huyo mtu. Banda lilikuwa jipya, naye hakuwa amewahi kuingia humo. Mwenye banda, mama wa makamo aitwaye Kuluthumu, alikuwa anachochea mkaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai. Lakini usikae kwenye benchi hilo la pembeni. Ijumaa lina mwenyewe."

"Nani?"

"Dereva mmoja. Huficha gari lake la bluu nyuma ya ukuta wa gereji hapo, anaagiza chai, inapoa, anaagiza nyingine. Macho kule ng'ambo tu." Alielekeza kituoni kwa kijiti cha mkaa. "Mwanzoni nilidhani ni askari kanzu, nikasema wale wasichana wa sheli watakuwa wameiba mafuta. Kisha nikaona hatazami mafuta. Anamtazama mmoja."

Sidonia alilishika benchi kwa mikono miwili. "Anakutana na nani hapa?"

"Na chai yake. Hakuna mwingine anayekuja."

"Yule ni mume wangu," Sidonia alisema polepole.

Kuluthumu aliacha kuchochea.

Kwanza Sidonia hakusikia furaha wala nafuu. Alisikia hasira. Yeye, aliyelea nyumba kwa mshahara wa kusimama juani, achungwe kama mbuzi? "Ananipeleleza," alisema. "Mimi! Nami nimekaa wiki zote hizi nampimia mafuta, nasoma kilomita zake, nashika boneti yake, kumbe..."

"Ehe," alisema Kuluthumu. "Mkuki kwa nguruwe, mwanangu."

Hakumhamisha tena. Sidonia alikaa kwenye benchi la pembeni, mahali pa mumewe, akatazama ng'ambo.

Gari jeupe lilikuwa limeingia kituoni. Emiliana alilikaribia, akainama dirishani, kwa sababu injini zinanguruma na mteja husemea ndani. Bila kuinama husikii anataka ya kiasi gani. Sidonia aliinama hivyo tangu asubuhi mpaka jioni na hakuwahi kulifikiria. Kutoka benchi hili sura ya mteja haikuonekana. Ulionekana mgongo wa mwanamke, kichwa chake kimeingia ndani ya gari la mtu, na kimekaa humo. Kisha Emiliana akacheka, akajinyoosha, akafuta kioo taratibu. Sidonia alijua kabisa kilichosemwa pale. Lakini alijikuta anahesabu muda ambao kichwa kilikaa dirishani.

Alikumbuka ugali, ile "ahaa", na mkono wa Stanley uliosita kidogo kwenye bakuli la mboga. Alikuwa amekuona kusita huko. Aliamua tu kwamba hakukuona. Na Ijumaa iliyofuata ndipo asali ilipokoma.

Mlio ulisikika kutoka mbali, upande wa Bahi, ukapungua, ukaingia nyuma ya ukuta wa gereji. Mlango ulifungwa kwa upole, kama mlango wa mtu asiyetaka kusikika. Stanley alitokeza akijifuta uso kwa mkono wa shati, macho tayari yako kituoni, yanatafuta sare moja kati ya nyingine. Hakuiona. Akatafuta tena, kwa haraka zaidi, na uso wake ukaingiwa na hofu ambayo Sidonia aliitambua, maana alikuwa ameibeba mwenyewe wiki nzima.

Kisha akageuka kukaa, akamkuta mkewe kwenye benchi lake.

Kuluthumu alimimina chai vikombe viwili, akaviweka, akaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu. Sidonia alisogea. Stanley alikaa kwenye nafasi iliyobaki, magoti yameelekea barabarani.

"Mama Ruthu," alianza.

"Kunywa kwanza. Huwa inapoa."

Ng'ambo, gari jingine liliingia, Emiliana akainama dirishani. Wote wawili walitazama. Nyuma ya ukuta boneti ilikuwa inapoa kwa vimlio vidogo vidogo, na wadudu kwenye kioo walikuwa bado wabichi.