Zizi la Kuazima

Wageni wetu huja kiangazi. Masika barabara ya kutoka kivukoni Kamanga ni tope tupu, na watu wa mjini hawapendi kuchafua viatu. Kwa hiyo wanatujia Julai na Agosti, majani yamekwisha, ng'ombe mbavu nje. Hapo ndipo wanapolipa kuonyeshwa ufugaji.

Tulikuwa na maksai wawili, na Kijivu, ng'ombe wetu chotara wa maziwa, na ndama wake. Kijivu ndiye aliyekuwa shamba. Alikubali kukamuliwa na mtu yeyote bila kufungwa miguu, hata na wale wanawake wa mjini wenye kucha ndefu. Maziwa yakiwa kidogo tuliwaambia, "Ndama amenyonya yote," nao wakacheka, wakampiga ndama picha. Kabla yake tulikuwa tumepanga chumba kimoja mjini, Igogo, mimi, mume wangu Shimba na binti yetu Dorcas. Niliapa sitarudi kule, na Kijivu akiwapo hatukuwa na sababu ya kurudi.

Basi siku moja Maulida, mama wa Mkolani aliyetuletea wageni wengi kuliko mtu mwingine yeyote, akatania, "Baba Dorcas, sasa hili ni zizi au banda la kuku?" Watu wakacheka. Shimba naye akacheka, lakini usiku ule hakulala. Msukuma kuchekwa kwa uchache wa ng'ombe!

Maulida alipotangaza safari nyingine, Shimba akaenda kwa jirani yetu Josephat kuazima ng'ombe wake wote wa kienyeji, washinde kwetu.

"Wale hawajapita josho tangu lini, Baba Dorcas?" nikamuuliza aliporudi.

"Ni siku moja tu."

"Kupe anahitaji siku ngapi?"

"Sasa unataka wageni waone nini? Wewe?"

Nilitamani kumrushia mwiko. Ng'ombe wa Josephat wamekulia kwenye kupe, hawaugui. Kijivu wetu tulimwogesha dawa kila wiki kama mtoto mchanga, na Shimba alilijua hilo kuliko mimi.

Zizi likajaa hadi mlangoni. Maulida alipiga picha mpaka simu ikazima. Shimba alitembea katikati ya ng'ombe wa watu, fimbo begani, akieleza habari za kila mmoja kana kwamba alimzalisha mwenyewe. Sikumwonea aibu. Nilimwonea huruma, na hiyo ni mbaya zaidi.

Jioni ng'ombe wakarudi kwao, kupe wakabaki kwetu. Kabla mwezi haujaisha Kijivu akaacha kula. Nilipompapasa chini ya sikio nikakuta tezi limevimba. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Daktari wa mifugo alivuka kutoka mjini, akamchoma sindano, akasema tumechelewa kumwita. Kijivu alikufa akihema kwa shida, povu puani, kichwa chake mapajani mwa Shimba. Ndama akamfuata wiki hiyohiyo. Shimba aliwafukia peke yake. Hakutaka nimsaidie, nami sikutaka kumsaidia. Nilimchukia, naye alijua.

Hata udongo haujakauka, Maulida akapiga simu. Picha zake zilikuwa zimezunguka kwenye magrupu, na kesho anakuja na watu wengi kuliko wakati wowote. Shimba alisikiliza akitazama chini.

"Karibuni sana, mama," akasema. "Ng'ombe wapo."

Akavaa kofia aende kwa Josephat.

"Watamkamua nani?" nikamuuliza. "Wa Josephat wamekauka."

Akasimama mlangoni. "Tukikataa, Mama Dorcas, tunarudi Igogo."

"Na tukikubali?"

Akaenda.

Jioni ng'ombe wa Josephat wakaingia, vumbi likatanda uani, na mtu aliyepita barabarani angedhani tumetajirika. Nilikuwa na hasira asubuhi, lakini saa hiyo hata hasira sikuwa nayo. Nikaosha ndoo ya kukamulia kama kawaida, nikaianika juu ya uzio. Kisha nikamwita Dorcas nimweleze mapema: kesho kutakuwa na chai ya rangi tu, na wageni wakimuuliza maziwa yako wapi, awaambie ndama amenyonya yote.

Akanitazama.

"Ndama yupi, mama?"