Upepo na Ghorofa ya Nne

Enzi zake za utarishi walimwita Upepo. Barua ilifika wino haujakauka, na mjini hapakuwa na geti ambalo mbwa wake hakumjua. Kisha wakampandisha cheo: masjala, kiti cha kuzunguka, na gari la kumfuata mlangoni. Miaka kumi na moja baadaye jina ni lile lile, ila upepo wenyewe umehamia tumboni.

Nyumbani, tumbo lile lilikuwa cheti cha mkewe. Mawifi wakija husema, "Kaka katunzwa!" Basi mke huongeza upawa mwingine.

Shida ni mjukuu. Binti yao anakaa ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Miezi mitatu sasa babu anaonyeshwa mtoto chini, kando ya mapipa ya taka, kafunikwa gubigubi. Dakika kumi, kwaheri. Naye alitamani kitu kidogo tu: amwone kalala kitandani kwake, mdomo wazi.

"Tembea," daktari akamwambia.

Jumatatu akaenda kazini kwa miguu. Hajafika kona, gari la jirani likasimama.

"Mzee, kulikoni? Wamekunyang'anya gari?"

"Natembea tu, mwanangu."

"Mtu mzima kama wewe? Panda bwana, usitutie aibu!"

Kumkatalia jirani ni kumtukana. Akapanda. Jumanne yakasimama magari matatu. Jumatano mkewe akaletewa pole, eti mume kafukuzwa kazi.

"Mume wangu, unaniadhiri. Na ukikonda je? Watasema nakunyima chakula."

"Nataka kumwona mtoto akilala, mama."

Mke alipopakua aliinua upawa wa tatu, akasita, akaurudisha chunguni.

Alhamisi Upepo akakumbuka vichochoro vyake vya utarishi, gari halipenyi. Akavitembea wiki sita, mbwa wapya wakimbwekea kama mgeni.

Jumapili akazikabili ngazi. Ghorofa ya kwanza alipanda anapiga mluzi. Ya pili akashika ukuta. Kabla ya ya tatu akaketi, shati limelowa. Juu mtoto alikuwa analia.

"Baba, ni wewe? Ngoja nimlete!"

"Usishuke!" Akavuta pumzi. "Mlaze tu. Nakuja."

Mlango ukaachwa wazi. Akasikiliza kilio kikipungua, kikawa kwikwi, kikawa kimya. Akashika reli, akainuka.