Mafuta ya Kondoo Hutembea

Mwanangu Normand alianza kutaka kunishusha mlimani siku ile ile tuliyomzika baba yake. Watu walikuwa bado wanakula maharage niliyooka, naye amesimama uani anakagua paa la banda langu kwa jicho la dalali. Namjua. Mimi ndiye niliyemzaa.

Huku kwetu Vermont, juu tunakokaa, mtu asiye na gari hawezi kukaa. Barabara yetu ni ya vumbi, maili nne mpaka ukute lami, na theluji ikianguka naisukuma mwenyewe kwa koleo kubwa la chuma lililofungwa mbele ya pikapu. Bila pikapu kondoo wangu kumi na tisa hawali, nami sipati dawa zangu za presha. Normand anajua yote hayo. Ndiyo maana hakunigombania nyumba. Alinigombania pikapu.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, Jumapili, mezani kwake.

"Mama, lile gari lina miaka ishirini na sita," akasema. "Limeoza chini."

"Umeingia uvunguni lini ukaona?"

"Sihitaji kuingia. Kila gari la umri ule limeoza. Septemba hii likifeli ukaguzi wa serikali wa kila mwaka, unashuka. Chumba tumeshakipaka rangi."

Mkewe, Colleen, akainamia sahani yake. Chumba chenyewe nakijua. Dirisha lake linatazama mahali pa kuegesha magari ya daktari wa meno. Nikapandwa na hasira, na hasira hasara.

"Likifeli, nashuka," nikasema. "Lisipofeli, usinitajie tena hicho chumba mpaka siku nitakapokufa. Colleen, wewe ni shahidi."

Nilijuta kabla sijamaliza kuvaa koti. Lakini neno likishatoka, limetoka.

Sasa niseme jinsi sisi tunavyotunza magari. Majira ya baridi serikali inamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inarukia chini ya gari, inajibanza humo, na kuanza kula chuma, mpaka siku moja unakanyaga breki na mguu unakwenda mpaka sakafuni. Mume wangu Alcide hakuikubali chumvi hata siku moja. Kila mwaka alichukua sufu chafu ya chini ya tumbo la kondoo, ile isiyonunuliwa, akaichemsha kwenye sufuria kubwa nje ya banda na kuengua mafuta yanayoelea juu. Mafuta ya manjano, mazito, yenye harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Aliyalainisha kwa oili kidogo ya msumeno wa mashine, kisha akayapuliza kwa bomba chini ya gari lote.

Halafu ndipo inapokuja ile kazi inayowachekesha wageni. Gari likishapakwa, unaliendesha mbio kwenye barabara ya vumbi, siku kavu, mpaka makaburini na kurudi. Vumbi linanata kwenye mafuta na kufanya ngozi. Alcide aliiita kazi hiyo kulivika gari suruali. Na ukishalivika, huliogeshi chini mpaka mwaka unaofuata. Kwetu, anayeosha chini ya gari ama katoka mjini, ama anataka kuliuza.

Tangu Alcide afe, kazi hiyo naifanya peke yangu, na nimeifanya mara mbili, mwaka jana na mwaka huu. Lakini bega langu la kulia halipandi tena. Kuna mahali nyuma ya tangi la mafuta, juu ya springi, pale fremu inapopinda, ambapo mkono wangu haufiki. Alcide alikuwa mwembamba, alijipenyeza hapo akiimba. Mimi sikufika mwaka jana, na mwaka huu sikufika. Sikumwambia mtu. Nililala na siri hiyo usiku mwingi, nikijua kwamba kila pikapu ya aina ile huanza kuozea hapo hapo.

Siku ya ukaguzi nilishuka kwenye gereji ya Dwight Colburn, mkaguzi wetu. Ni kijana wa miaka arobaini hivi, kwangu mimi ni kijana. Ukutani ametundika bango kubwa la ile rangi yake nyeusi ya mpira anayopaka chini ya magari, inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Normand alishafika na gari lake. Alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje kuniona nikishindwa.

Dwight akainyanyua pikapu kwa mashine, akaingia chini na tochi, akacheka.

"Bi Verna, hapa sioni chuma. Naona shamba. Unataka nipande viazi?"

"Panda. Nitakuja kuvuna."

"Hapana, sikia. Nenda kaoshe kwa mashine ya presha, urudi kesho."

"Sioshi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliivika suruali Jumatatu, na sijaona mtu wa kunivulia suruali yangu bado."

Mafundi wawili waliokuwa kwenye tairi wakaangua kicheko. Normand akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mama, tafadhali. Mwache mtu afanye kazi yake."

"Mimi sibishani kwa ubaya," Dwight akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Lakini watu wanapaka mafuta kufunika matundu. Juzi tu nimekamata mmoja. Siwezi kubandika stika ya ukaguzi kwenye kitu nisichokiona. Ungepaka hii rangi yangu, ningeona kila kona, safi."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana umelitundika bango ukutani." Nikavua koti, nikatoa kitambaa na kopo langu la mafuta. "Una nyundo?"

"Ninayo."

"Basi tusichoshane. Gusa popote unapotaka. Ukigusa, nafuta. Nikifuta, gonga. Chuma kikilia, nakirudishia mafuta yake na tunakwenda mbele. Kikizama, nakupa funguo nishuke mlimani."

Dwight akamtazama Normand. Normand akainua mabega. Dwight akachukua nyundo.

Akagusa chini ya mlango. Nikafuta, akagonga, chuma kikalia ngaa. Nikachovya kidole na kukirudishia mafuta. Akagusa fremu ya mbele, ikalia. Akagusa mabomba ya breki, nikayafuta kwa kucha, yakatoka yamenyooka na safi. Pembeni mwa gia nilipofuta, yakatokea maandishi ya kiwandani kwa chaki ya njano, bado yanasomeka. Fundi mmoja akaacha tairi lake akaja kutazama. Nikaanza kujisikia mrefu. Nasema kweli, kiburi kilinipanda.

Dwight si mjinga, ingawa anauza upumbavu. Akainua tochi nyuma ya tangi, juu ya springi, pale inapopinda.

"Na hapa?"

Nilinyoosha mkono, bega likagoma nusu ya njia. Nikajaribu tena, na maumivu yakanitoa sauti.

"Mkono wangu haufiki hapo," nikasema. "Futa wewe."

Hapo Normand akaelewa. Alinitazama, na sikuona ushindi machoni pake, niliona huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma zaidi. "Mama," akasema taratibu, "kumbe hukupaka."

"Sikupaka. Mwaka jana wala mwaka huu. Gonga, Dwight."

Dwight akaingiza kitambaa mpaka kiwiko, akasugua, akakitoa. Kilikuwa cha manjano. Akakinusa na kukunja uso. Kondoo mtupu. Akaingiza tena, akatoa manjano zaidi. Kisha akagonga, na ile sauti ikatoka kule ndani safi, ikajaa gereji nzima. Akagonga mara tatu. Nadhani hakuamini.

"Sasa nani kapaka huku?"

Nikakumbuka. Alcide aliniambia miaka na miaka, nami nilidhani ni maneno ya mtu mvivu wa kumalizia kazi: paka unapofika, Verna, joto likija mafuta yenyewe yatatembea mpaka usipofika. Majira mawili ya joto yalikuwa yamepita tangu afe. Mafuta yalikuwa yametambaa polepole kwenye chuma, yakapanda mpindo, yakafunika mahali pake yeye. Nililia hapo hapo chini ya gari, mbele ya wanaume wanne, na sikujificha.

"Taa ya namba ya nyuma haiwaki," Dwight akasema, akijikohoza.

"Lete balbu."

Nikaibadilisha mwenyewe. Akabandika stika kwenye kioo.

Hapo Normand angenyamaza, mambo yangeisha. Lakini ni mwana wa baba yake. "Bahati tu, Mama," akasema. "Mwaka huu umepata bahati."

"Bahati?" Nikaichukua nyundo mkononi mwa Dwight. "Pandisha la kwake."

"Bi Verna, hilo nililipaka mimi, miaka minne iliyopita..."

"Basi huna cha kuogopa. Pandisha."

Likapanda. Chini lilikuwa jeusi tii, linameremeta. Nikagonga ubavu wa fremu. Haukulia, ulitoa sauti ya boga. Nikagonga tena, na kichwa cha nyundo kikazama ndani. Ngozi nyeusi ikachanika urefu wa mkono, magamba ya kutu yakamwagika, na nyuma yake maji machafu yakatiririka juu ya viatu vyangu. Mpira ulikuwa umepasuka mahali padogo, chumvi ikaingia, na ikakosa pa kutokea. Nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha nikakumbuka kwamba wajukuu wangu hupanda gari hilo kwenda shule.

Dwight aliinua ile ngozi kwa vidole, akaitazama muda mrefu. "Nilipaka lilipokuwa bado bichi," akasema. "Sikulikausha vizuri. Normand, siwezi kukuacha utoke nalo barabarani."

Kwa hiyo aliyekuja kunishusha, nikampandisha mimi. Alikaa upande wa abiria, magoti yamekunjwa. Tulipoiacha lami nikakanyaga mafuta, maana pale tulipofuta palihitaji vumbi jipya. Mawe yakapiga chini. Alishika mlango kwa mikono miwili.

"Mama, punguza!"

"Gari halijavaa suruali yote."

Kwenye makaburi nikapunguza, kwa heshima. Naye akatazama upande ule mpaka tukapita.

"Kile chumba..." akaanza.

"Kifugie kuku."

Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Uani nikazima gari, nikaingia bandani na kurudi na ovaroli ya Alcide, bado imeganda mafuta ya kondoo kwenye viwiko, na kopo.

"Vaa," nikamwambia. "Ingia uvunguni. Dwight amefuta mahali pa baba yako, na mimi sifiki."

Akavaa, akalala chini, akajipenyeza nyuma ya tangi. Mikono yake ni mirefu. Inafika.