Maiti Aliyekoroma

Nesi mpya alikuwa na cheti kinachonuka wino, viatu vyeupe ambavyo havijaonja matope, na woga wa kumtosha yeye na jirani yake. Wodi ya waliovunjika mifupa ilikuwa imeshapoteza manesi wageni kadhaa kabla yake; waliingia na sare zilizonyooka, wakatoka kimyakimya bila hata kuaga. Sababu kila mtu aliijua, ila hakuna aliyeitaja kwa sauti, maana sababu yenyewe ilikuwa na cheo.

Sista mkuu alikuwa hodari wa kazi. Akikudunga sindano, unabaki kumuuliza ataanza lini. Tatizo lilikuwa mdomo. Ukimuuliza jambo, hata pamba zinakaa wapi, alikutazama kwanza kutoka kichwani hadi viatuni, halafu akakurudishia swali: kwani chuoni mlifundishwa nini? Aliyeulizwa hivyo mara mbili hakuitafuta ya tatu. Kwa hiyo nesi mpya akawa anajifunza kazi kwa kuvizia, kama kuku anayedonoa mtama kwenye ua wa watu.

Nyumbani nako shangazi yake alikuwa na duka la vitambaa na alitaka mtu wa kuaminika kaunta. Kila jioni alimkumbusha kwamba vitambaa havitapiki, wala havina ndugu wa kuja kufoka. Nesi akamwomba asubiri hadi mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe ulikuwa unakwisha.

Asubuhi moja akatumwa kumpima presha fundi cherehani aliyevunjika mguu. Fundi alikuwa amelala fofofo. Nesi akachukua stethoskopu ya wodi, ambayo hakuwahi kuishika. Ile ya chuoni ilikuwa na uso mmoja. Hii kichwa chake kinazunguka, na kikikaa upande usio wake husikii hata radi. Akafunga mkanda, akajaza upepo, akasikiliza. Kimya. Akarudia. Kimya cha makaburini. Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akakumbuka nani mwenye jibu, akalimeza.

Badala yake akapiga yowe kwamba mgonjwa anakufa. Toroli la dharura likaja mbio, daktari nyuma yake kamba za viatu zikiburuta, na msafishaji na fagio lake, sijui alitaka kumfufua kwa njia gani. Wote wakainama juu ya kitanda. Ndipo ukasikika mkoromo, mrefu na mnene, wa mtu aliyeshiba.

Fundi akafumbua macho, akazitazama zile nyuso, akauliza kwa upole nani amefariki. Daktari akamjibu kuwa ni yeye.

"Basi mngeniacha nimalizie usingizi," fundi akasema.

Wodi nzima ilicheka, na kabla ya chakula cha mchana nesi alishabatizwa Mfufuaji. Akajifungia stoo ya mashuka akaanza kubandua beji yake kifuani. Sista mkuu akamfuata na ile stethoskopu mkononi, akakizungusha kichwa cha chombo hicho, kikalia "ka!"

"Kinazungushwa hivi. Si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza, Sista, na wewe ungeniuliza chuoni tulifundishwa nini."

 Sista mkuu aliyageukia mashuka kama vile ndiyo yaliyosema. Akamwambia, bila kugeuka, kwamba kuanzia siku hiyo watazunguka vitandani pamoja, aulize chochote, na akiuona ule mdomo unaanza kupinda, akohoe.

Basi siku zilizofuata nesi alikohoa hadi fundi akaomba ahamishwe asije akaambukizwa. Alikohoa kwenye dripu, akakohoa kwenye plasta, akakohoa mbele ya daktari. Kila akikohoa, sista mkuu alivuta pumzi, akameza mate machungu, akamwonyesha. Taratibu kifua kikapona.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wakitandika kitanda, mmoja huku na mwingine kule, nesi akasema ana swali moja. Sista mkuu akajikaza.

"Wiki ijayo nimepangwa zamu ya asubuhi au ya mchana?"

Sista mkuu alilichomeka shuka lake polepole, akalinyoosha mahali ambapo halikuwa na mkunjo.

"Asubuhi," akasema. "Na mimi."