Mguu Uliopona Sura ya Tisa

Naapa haya yote ni kweli tupu, maana nimeyapata kwa mtu aliyekuwepo. Ukikuta uongo hata mmoja, nitafua mapazia ya nyumba nzima kwa mikono yangu.

Palikuwa na mwandishi wa riwaya za kusisimua, watu wakimwita Baruti kwa sababu hakuna kitabu chake kilichokwisha bila kitu kulipuka. Vitabu ishirini na viwili. Vitatu vilishafanywa filamu, na kila filamu ilimtoa roho. Katika ya kwanza, jasusi wake aligeuzwa mwalimu wa dansi. Katika ya pili, jangwa zima lilihamishiwa dukani. Ya tatu aliikimbia kabla ya mapumziko.

Ya nne haikuwa ya mzaha. Shujaa wake, fundi wa mitambo ya meli, alikuwa marehemu baba yake mtupu, kuanzia kofia hadi mguu uliochechemea. Mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yakififia kila mwezi, alimwambia neno moja tu: "Nataka nimwone akitembea tena kabla giza halijanikuta."

Basi siku ya kupiga picha Baruti akafika kwenye ghala lililogeuzwa bandari, akamkuta nyota wa filamu anaruka juu ya makontena kama swala.

"Mguu uko wapi?" akamuuliza mwongozaji.

"Yote miwili ipo, mzee wangu."

"Usinichezee. Mbona hachechemei?"

"Anayechechemea ataruka vipi makontena?"

"Kwani nani kamwambia aruke makontena?"

"Wewe."

Baruti akashusha pumzi kama tairi lililopata msumari. Akatangaza, mbele ya mafundi taa na wapaka vipodozi, kwamba kama kitabuni mwake shujaa ameruka kontena hata moja, yeye mwenyewe atavaa ovaroli na kubeba magunia kwenye filamu hiyo.

Hapo akaitwa Mama Daftari. Kazi yake ni kuandika kila kitu, ili kikombe kilichokuwa mkono wa kulia kisihamie wa kushoto picha inayofuata. Akalowesha kidole, akafunua daftari alimonakili kitabu sura kwa sura.

"Sura ya kwanza hadi ya nane, anachechemea. Sura ya tisa anaruka makontena manne, anapanda ngazi ya kamba, anamkimbiza mtu mwenye pikipiki. Anampata."

"Labda alipata dawa nzuri," akasema mmoja wa wapaka vipodozi.

Baruti akakaa juu ya kreti. Alijua kosa lilikotoka. Vitabu vyake huvisimulia kwenye kinasa sauti huku akizunguka sebule, karani huchapa, na yeye hajawahi kurudi nyuma kusoma hata ukurasa mmoja. Alikuwa akijisifia jambo hilo kwenye kila mahojiano.

Akavaa ovaroli. Ilimbana tumbo.

"Unapita nyuma ya nyota na gunia lako, sekunde nne," mwongozaji akamwelekeza. "Usifanye kingine."

Baruti akapita akichechemea mguu wa kulia.

"Kata. Mzee, nimesema pita tu."

"Nimepita. Mimi ndivyo ninavyopita."

Wakarudia. Akachechemea. Wakarudia tena, nyota akaanza kulalamikia magoti, mafundi taa wakaulizia chakula. Mara ya kumi na tisa mwongozaji akajifuta uso kwa kofia. "Basi abaki hivyo hivyo. Huyu atatuzeesha humu."

Filamu ilipotoka, Baruti akamketisha mama yake safu ya mbele kabisa. Sekunde zake nne zilipofika, akamshika mkono. Mama akasogeza uso karibu na pazia la picha, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Ndiye," akasema. "Mabega yake hayo." Kisha akamgeukia. "Lakini wewe mtoto, hukuwa unamtazama baba yako? Ulikuwa mguu wa kushoto. Miaka arobaini nimemshikilia upande huo."

Ningekomea hapo. Ila Mama Daftari ni mke wangu, na karatasi hii ameisoma kabla wino haujakauka. Anasema walirudia mara sita tu, imo daftarini, na ile pikipiki ilikuwa baiskeli. Beseni ameshalijaza maji. Nimeanza na mapazia ya sebuleni, ndiyo mazito.