Nani Anakula Chaji?

Pikipiki ya Mkate Moto ilikuwa na tabia moja ya kuudhi: alfajiri inawaka kwa kuguswa tu, jioni imekuwa maiti.

Mkate Moto ni jina alilopewa na wenye maduka. Alichukua mikate kwenye tanuri kabla ya jua, akaisambaza, akarudi nyumbani kula na kulala kidogo, kisha jioni akaenda mzunguko wa pili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Anabonyeza stata, anasikia "kli" moja dhaifu, kama mtu anayemeza mate, basi. Pedali ya kuwashia kwa teke ilikwishakatika siku nyingi. Ilibidi aisukume mtaani huku boksi la mikate likimgonga kiunoni, ishike njiani, airukie kama anayemkimbia mbwa.

"Pole, mkwe wangu," mama mkwe wake alimwambia kutoka mlangoni. "Vitu vya siku hizi, bwana! Havina uvumilivu."

"Asante, mama," alijibu Mkate Moto akitazama vidole vyake vya miguu. Mama huyo alikuwa mjane, amehamia kwao tangu mvua zilizopita, na Mkate Moto alimheshimu mno. Mama akiingia sebuleni, yeye hutoka. Akikohoa, yeye husimama.

Fundi aliichunguza pikipiki kwa mita yake. Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti kumi na mbili na ushee. Akaiwasha na kukanyaga mafuta kidogo, ikapanda hadi kumi na nne.

"Chaji inaingia vizuri," alisema. "Labda betri imezeeka."

Wakaweka betri mpya na kusugua kutu kwenye vichwa vya waya. Kesho yake jioni: kli.

Safari ya pili fundi alichomoa waya wa hasi, akaiweka mita katikati ya waya na betri, swichi ikiwa imezimwa. Mshale haukutikisika.

"Umeme hauvuji popote, kaka. Unaliwa."

"Na nani? Panya?"

"Panya hawazungushi ufunguo."

Mkate Moto alirudi nyumbani kichwa kikimwaka moto. Alimkuta mkewe anafua uani, akamweleza. Mkewe aliacha nguo kwenye povu.

"Nyumba hii tupo mimi, wewe na mama. Mimi pikipiki siitaki hata bure. Kwa hiyo unamshuku mama yangu?"

"Nani kamtaja mama? Nauliza tu."

"Basi uliza kwa sauti ndogo."

Siku iliyofuata aliazima mita ya fundi. Aliporudi asubuhi akapima betri: nzima kabisa. Akaegesha pikipiki bandani nyuma ya nyumba, akautundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni kama kawaida, akajilaza. Alifumba macho akakoroma kwa bidii kuliko anavyokoroma akiwa amelala kweli.

Haukupita muda, msumari ukalia kidogo. Kisha kimya. Kisha, kutoka bandani: tik, tik, tik, tik.

Alinyata peku hadi kwenye ufa wa mbao, akachungulia.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa juu ya pikipiki. Kofia ngumu kichwani, miwani ya kusomea puani, gauni limekunjwa na kufungwa fundo magotini. Taa ya mbele inamulika ukuta, taa ya nyuma nyekundu kama kaa la moto, indiketa ya kushoto inapepesa. Mama alitazama kioo cha pembeni, akainama kushoto, midomo ikinguruma: "Ngrrrrrr... Pisha, wewe! Huoni naingia?" Akabonyeza honi, lakini kidogo sana, kwa adabu ya mtu asiyetaka kumwamsha mkwe wake.

Mkate Moto hakujua afanye nini. Kuingia ni aibu, kuondoka ni betri. Akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga beseni la mkewe. Kishindo chake kilisikika mtaa mzima.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ngoja kwanza, niko kwenye kona."

Akamalizia kona. Akazima indiketa, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza wakatazamana usoni.

"Tangu niolewe nabebwa nyuma," alisema mama. "Marehemu alinibeba, shemeji zangu wakanibeba, na wewe ulinibeba siku niliyohamia hapa. Barabara naijua kwa masimulizi tu, mkwe wangu. Mimi naona shati la mtu."

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambiaje? Nikikohoa tu unakimbia."

Mkate Moto alicheka hadi akashikilia ukuta. Mama naye akacheka. Mkewe alipofika mbio akitafuta mwizi, aliwakuta wote wawili wanafuta machozi, akadhani kuna msiba.

Mchana huohuo alimpeleka mama kwenye uwanja wa mpira, mtupu wakati ule wa jua. Injini ikawashwa kweli. Mama aliachia klachi taratibu, akaenda. Alikunja kona ya kwanza kwa indiketa, ya pili kwa indiketa, akanyoosha mgongo kama askari wa gwaride. Mkate Moto alipiga makofi. Mizunguko ikaendelea, makofi yakapungua.

"Mama, sasa simama!"

"Nasimamaje?"

Hapo ndipo Mkate Moto alipoelewa kwamba bandani, pikipiki ikiwa imeegeshwa, hakuna anayehitaji kujifunza kusimama. Akaanza kukimbia pembeni yake, mkono mmoja kwenye tandiko.

"Breki, mama! Mguu wa kulia!"

"Usinipigie kelele, nitakosa kona!"

Zilikuwa kona nyingi. Mwishowe mama alikanyaga breki bila kushika klachi, injini ikajikwaa na kuzima, pikipiki ikalala mchangani polepole na mama juu yake, mzima, vumbi hadi kwenye nyusi.

Mkate Moto alikuwa ameketi chini, hana pumzi ya kuuliza kama ameumia. Mama alijikung'uta, akamsogelea, akampa mkono wa kumwinua.

"Pumzika kidogo, baba," alisema. "Halafu twende tena."