Safari ya Viko Vitatu

Waheshimiwa wasomaji, kwa unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba nasinzia. Ni kipindi cha kwanza baada ya chakula, makande yamenilemea tumboni, na Mwalimu Mshangama anatufundisha habari za wapiga makasia wa Kanada, Wafaransa wafupi wenye mabega mapana waliosafirisha ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa, ili mabwana wa Ulaya wapate kofia. Nalaza shavu juu ya dawati, dawati linakuwa la baridi, linayumba, na sasa niko ndani ya mtumbwi wa magome, nimeshika kasia, na jirani yangu ananipiga kiwiko. Piga, bwana mdogo, au umekuja kutalii? Anaitwa Telesfori, ana kofia nyekundu na shingo nene kama kinu. Wanaume wanaimba, makasia yanafuata wimbo, na wimbo ukifika mwisho unaanza upya. Nauliza tunakwenda wapi. Nyumbani kwangu, anasema, kuna mke na mtoto ambaye sijamwona. Ni mbali? Viko viwili. Nacheka. Umbali unapimwa kwa kiko cha tumbaku? Ulitaka upimwe kwa mkia wa biva? Mshika usukani akiwasha kiko tunapumzika, kikizimika tunapiga tena. Kimoja tumeshakivuta. Cha tatu ndicho cha nyumbani.

Nageuka nimwone huyo mshika usukani. Chini ya kofia yake hakuna uso, pamekuwa laini tu kama jiwe la mtoni. Mzee, nauliza, njia hii ina mwisho? Mwisho wake hutoa moshi, anajibu, sijui kwa mdomo gani. Tunapita mji wa magogo wenye ghala na bendera, na majini mji mwingine umesimama kichwa chini, kisha tunapinda kona na mji ni uleule. Penye maporomoko kuna misalaba ya mbao, na kila tunapoupita mmoja Telesfori anavua kofia. Hawakujua kuogelea, ananiambia. Na wewe unajua? Mimi? Ningejua ningekuwa nimeshashuka zamani.

Tunatia nanga mawazoni tu, maana nanga hatuna. Tunashuka, tunabeba mizigo kwa mikanda ya ngozi iliyofungwa kwenye paji la uso, tunauvusha mtumbwi mabegani, na upande wa pili kiko cha pili kinawaka na kuzimika. Mshika usukani anakiweka juu ya jiwe. Mimi niliyewahi kuficha kengele ya shule, nitakiachaje kiko kilicholala peke yake? Nakitia ndani ya soksi, kwa taadhima zote, nangoja kelele zianze.

Hakuna anayepiga kelele. Wanaimba. Mji wa magogo, mji kichwa chini, kona. Kisha Telesfori anasimama nusu, mtumbwi unayumba. Ile nyumba yangu! Yule ni Selesti wangu, amembeba mtoto! Simameni! Tutasimamaje, wanajibu wenzake, kiko hakijawaka. Nyumba inapita. Tunapinda kona na nyumba ni ileile, ila mtoto sasa ameshika sketi ya mama yake. Kona nyingine, mtoto anarusha mawe majini. Kona nyingine, ana ndevu, na Selesti ameinama kwa fimbo. Telesfori haiti tena, anapiga makasia huku machozi yakimwingia mdomoni. Nataka kusema, Mzee, ninacho, lakini nikifungua kinywa unatoka wimbo. Nataka kuachia kasia, vidole havifunguki. Tunapinda tena, na mtoto amerudi kuwa mchanga, mikononi mwa mama. Nauma vidole vyangu mwenyewe mpaka kasia linaanguka, naingiza mkono ndani ya soksi, nakiinua kiko juu.

Darasa liko kimya. Nimekaa nimeinua mkono, viganja vina malengelenge, na kiko kimo mkononi, bado kina joto. Adhabu ya tumbaku hapa shuleni ni kufukuzwa. Mtu amesimama mbele ya dawati langu, dirisha liko nyuma yake, mwanga ni mkali, na uso wake siuoni. Kama ni mwalimu, nikimpa nimekwisha, na Telesfori atapiga makasia milele. Kama ni yule mshika usukani, nikimnyima Telesfori hafiki. Lete kiko, kijana, anasema. Nyuma yangu, karibu kabisa, mtu anapumua kwa nguvu kama aliyechoka sana.

Nampa.